Mashahidi Wawili

Nairobi, 29 Juni 1969

Kaka yangu Shamsudin,

Assalaam alaikum. Kabla hujaendelea kusoma mwite Mama akae karibu, umpe mkono wangu, kisha umsomee kwa sauti mpaka pale nitakapokwambia unyamaze.

Nimefika salama, alhamdulillahi, na mizigo yangu yote ila kikapu cha machungwa ya Muheza, nilichokisahau Mombasa nilipobadili basi. Aliyekiokota na ale kwa raha zake. Miguu ilivimba siku mbili, sasa imerudi. Baridi ya huku Mama asiulize. Asubuhi naamka na kukuta hata mafuta ya nazi yameganda chupani, nayaweka karibu na jiko la makaa ndipo nipake nywele.

Nimepata chumba Kangemi, kwa Mzee Mungai. Chumba ni kimoja, kina dirisha dogo na mlango unaofunga. Jirani yangu anaitwa Wangeci, anauza mboga sokoni. Kila nikifungua mdomo anacheka na kuwaita wenzake waje wasikie. Anasema mimi naongea kama redio. Kutoka hapo nashuka bonde na kupanda upande wa pili mpaka Spring Valley, kwenye nyumba kubwa ya zamani yenye bustani, na hiyo ndiyo shule yenyewe.

Kaka, kazi uliyonitafutia ni ya ajabu, sijui kama wewe mwenyewe uliielewa. Nalipwa ili nisalimiwe. Wanafunzi ni Wazungu wa kila aina, mapadri, masista, vijana waliokuja kufundisha au kuchimba visima, na wote wanataka Kiswahili cha pwani. Mwalimu wao, Bwana Mwanzia wa Machakos, ananikalisha kwenye kiti katikati ya chumba, nao wanakuja mmoja mmoja. Hujambo mama? Sijambo. Watoto hawajambo? Hawajambo. Bwana hajambo? Hajambo, ahsante. Anayefuata anaanza tena. Mpaka saa sita mchana nimesalimiwa na watu kumi na wawili, na watoto ambao sina wote wazima.

Hapa usimsomee Mama. Talaka niliyopewa ni moja, na eda yangu haijesha. Kwa hesabu yangu itakwisha wiki ya kwanza ya Septemba. Wewe ni mwalimu, huhitaji kufundishwa na mimi kwamba mpaka siku hiyo Twahir ana haki ya kunirejea kwa neno moja tu mbele ya mashahidi wawili, hata kama mimi sipo. Simwombi. Bado nasema nilivyosema siku ile ya maulidi: yeye ndiye aliyekuwa akisoma, akafunua kurasa mbili kwa pamoja na kujikuta kwenye dua ya mwisho, watu wakaanza kuitikia amina na kutafuta viatu vyao. Wanawake wenzangu nyuma ya pazia walijizuia. Mimi sikuweza, na kicheko changu kinajulikana Ngamiani nzima. Mtu anayemwacha mkewe kwa sababu ya kicheko, mwache akae na kimya chake. Lakini likitoka neno kwake, lolote, niandikie siku hiyo hiyo.

Sasa mwite Mama tena. Mwambie mji ni mzuri, watu ni wakarimu na nacheka kutwa.

Mdogo wako,
Zena


Tanga, 27 Julai 1969

Kwa Zena, mdogo wangu,

Waalaikum salaam. Barua yako ilichukua siku kumi na saba. Mama nilimsomea mara tatu, na kila nilipofika kwenye mafuta ya nazi alisema uvae sweta mbili. Hajambo, ila goti lake lile. Paa la jikoni linavuja pale pale nilipoliziba mwaka jana, na fundi anasema kosa ni la mabati. Mimi nasema kosa ni la fundi. Barazani watu hawalali kwa ubishi wa hao Wamarekani waliotua mwezini. Mzee Kibwana, muadhini wetu, amesema kama kweli wamefika basi watuambie mapema lini Ramadhani inaanza, tuache kugombana.

Nafurahi kuwa umeipenda kazi. Niliyekutafutia nilijua ninachofanya. Ila sitaacha kusema kuwa mwanamke aliyepewa talaka moja hukaa eda yake nyumbani kwa mumewe, wewe ukakusanya nguo zako siku ya tatu. Nami nikakubebea sanduku mpaka kituo cha basi, kwa hiyo lawama tugawane.

Upande ule hakuna neno. Duka lake la saa liko wazi. Nampita nikienda shule, yeye huinama kwenye saa zake na mimi huangalia njia yangu. Alichokufanyia, kukutamkia talaka uani na majirani wanasikia, binti wa marehemu baba yetu, mimi sijakimeza.

Usome, ufanye kazi, uache kuhesabu siku.

Kaka yako,
Shamsudin


Nairobi, 22 Agosti 1969

Kaka,

Salamu nyingi, na kwa Mama zaidi. Goti lake nimeliulizia dawa kwa Wangeci, akanipa majani ambayo harufu yake imenifukuza chumbani kwangu mwenyewe. Nayatuma humu ndani, kama hayajaikimbia bahasha. Sweta ninazo tatu sasa.

Hapa mambo ni ya furaha tu. Jumamosi Bwana Mwanzia na mkewe Syokimau walinichukua mpaka Adams Arcade, kwenye maduka ya Barabara ya Ngong, tukanunua mkate na kuangalia vioo vya maduka kama watu wenye pesa. Syokimau ni mcheshi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Jumapili nilikwenda mjini peke yangu, nikatembea kutoka msikiti wa Jamia mpaka stesheni na kurudi. Mtu haulizwi anakwenda wapi. Ni raha kubwa, hujui. Kule kwetu nisingefika kona ya barabara ya kumi na mbili kabla watu watatu hawajaniuliza, na wa nne kupeleka habari nyumbani.

Wanafunzi wamebadilika, wale wa kwanza wamemaliza na kutawanyika. Mmoja alikuwa kijana wa Kidenishi, aliniaga kwa kuniuliza kama bwana hajambo. Hakuwa amejifunza namna nyingine ya kuaga. Nikamwambia hajambo.

Usimsomee Mama hili. Zimebaki siku kumi na nne.

Zena


Tanga, 14 Septemba 1969

Kwa Zena,

Salamu. Majani yalifika. Mama ameyachemsha, goti limepungua, na paka amehama nyumba. Fundi wa paa nimemfukuza. Nimepanda mwenyewe, nikapigilia mwenyewe, na mvua iliponyesha juzi maji yaliingia sehemu mbili badala ya moja. Shuleni wameniongezea darasa la saba, wanafunzi hamsini na watatu, na chaki ni ya kuomba.

Mama anafurahi sana nikimsomea jinsi unavyocheka huko. Jana alimwambia jirani kuwa Zena amenona. Sijui ameliona wapi hilo katika barua zako, lakini nilimwacha nalo.

Siku zako zimekwisha. Sasa angalia mbele. Mambo ya upande ule yaache kama yalivyo, usiniulize tena na mimi nisikujibu. Wewe umepata kazi ya heshima katika mji mkubwa, na wasichana wa mtaa huu wanakutaja kwa jina. Mimi kama kaka yako ndicho nilichokitaka.

Andika.

Shamsudin


Nairobi, 20 Desemba 1969

Kaka yangu,

Idd mubarak, ingawa imepita. Sikuandika muda mrefu kwa sababu ya kazi. Mwambie Mama ni kazi tu.

Nilifunga Ramadhani yote. Kufuturu nilifuturu na redio, sauti ya Mombasa inaingia ikikatika, na uji wangu. Siku ya Idd nilishuka mjini kwa miguu nikiwa na buibui jipya. Nje ya Jamia watu walikuwa wanakumbatiana. Nilisimama kando ya ukuta nikingoja labda atatokea mtu ninayemfahamu, kisha nikakumbuka kuwa simfahamu mtu. Nikanunua halua kidogo, nikapanda basi kurudi. Wangeci alinifungulia mlango akasema, "Wee Mama Tanga, sikukuu imeisha saa hii hii? Na jua bado iko huko juu?" Nikampa halua. Akasema ni tamu lakini inakwama kwa meno.

Nimekutumia kofia, Mama kanga mbili. Usiulize bei.

Nilikuwa nataka kukuuliza jambo, lakini ulinikataza, basi.

Zena


Nairobi, 11 Julai 1970

Kwa kaka yangu Shamsudin, na Mama akiwa karibu, hakuna la kumficha leo,

Nawasalimu kwa heshima. Nimeona barua zako za Februari na Mei, na nashukuru kwa habari za paa, ambalo sasa nalijua kuliko chumba changu.

Kuna mtu anaitwa Mbarak. Asili yake Malindi, ni karani kwenye duka la vitambaa Barabara ya Biashara. Nilikwenda kununua kanga nikasoma jina la kanga kwa sauti, naye akainua kichwa kwenye daftari lake akasema, "Huyu katoka pwani." Kaka, nilikaribia kulia dukani. Mwaka mzima hapana mtu aliyenijua nilikotoka kwa sauti tu. Mkewe alifariki miaka mitano iliyopita. Ni mtu mzima, anaswali, hana makuu. Ameniambia angetaka kuja Tanga kuposa, lakini duka halimpi ruhusa, kwa hiyo mjomba wake atakuandikia barua.

Sikufichi kwamba moyo wangu haurukiruki. Lakini anajua kunisalimia na kungoja jibu. Baba hayupo, wewe ndiye walii wangu, na bila wewe hakuna ndoa. Nakuomba ruhusa yako. Ukisema ndiyo, tutafunga hapa hapa msikitini, wewe utamweka wakili kwa barua.

Mama, niombee.

Zena


Tanga, 30 Agosti 1970

Kwa Zena,

Salamu. Mama hajambo.

Barua ya mjomba wa huyo bwana nimeipata. Sina ubaya naye. Lakini ndoa si jambo la kufungwa kwa stempu. Mimi simjui mtu huyu, watu wa Malindi siwajui. Subiri. Labda mwakani utakuja likizo, tukae tuzungumze uso kwa uso. Yako mambo hayasemeki kwa barua.

Nasema subiri. Usinilazimishe kutoa sababu.

Shamsudin


Nairobi, 15 Novemba 1970

Shamsudin,

Salamu kwa Mama.

Mbarak alingoja majibu miezi mitatu. Alikuwa kila Ijumaa ananiuliza kwa adabu, nami namjibu kuwa kaka bado anafikiri. Wiki iliyopita hakuniuliza. Leo nimesikia ameposa kwa watu wa Pumwani, naye akanieleza mwenyewe, akaniomba radhi. Nilimwambia hana kosa. Kweli hana.

Wewe ndiye uliyeniambia niangalie mbele. Nikaangalia mbele, ukasimama mlangoni. Sijui nimekukosea nini. Kama ni aibu ya mtaa, mimi siko mtaani. Kama ni umbali, wewe ndiye uliyenibebea sanduku. Mimi hapa sina mume, sina mtoto, sina hata mtu wa kunigombeza. Kutwa watu wananiuliza kama bwana hajambo, nami nasema hajambo, na nikirudi Kangemi nafungua mlango napokewa na kimya.

Usinijibu habari za paa.

Zena


Tanga, 3 Februari 1971

Zena, mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu. Kaa chini kwanza. Kama uko shuleni toka nje ukae mahali.

Twahir amefariki. Ni Jumamosi tarehe tisa Januari, asubuhi. Alikuwa na kifua tangu mvua za mwezi wa kumi na moja, akakataa kulala hospitali. Tulimzika alasiri. Inna lillahi wainna ilaihi rajiun.

La pili ndilo linaloniua mimi. Tulipomaliza kuzika watu walikaa nyumbani kwake. Mzee Kibwana akauliza mbele ya wote, sauti yake unaijua, "Mjane yuko wapi? Mbona hakuna aliyekwenda kumkalisha eda?" Mtu akamjibu kuwa Twahir hakuwa na mke, alimwacha zamani. Mzee Kibwana akasema, "Alimrejea. Mimi nilikuwepo. Shahidi mwenzangu yule pale." Akaninyooshea kidole. Zena, watu wote waligeuka, na Mama alikuwa mlangoni na wanawake.

Ni kweli. Jumamosi ya tarehe thelathini Agosti, sitini na tisa, baada ya swala ya alasiri, Twahir alikuja kibarazani kwangu akiwa amemshika Mzee Kibwana mkono. Siku zako zilikuwa bado. Alitamka kuwa amekurejea katika ndoa yake na akatufanya sisi wawili mashahidi. Kisha akaniambia, "Mwandikie. Wewe ndiwe mwenye anwani yake. Mwambie nyumba imekuwa kimya mno, arudi aje acheke."

Sikukuandikia. Nilimchukia kwa ile siku ya uani, nikasema na yeye aonje. Na barua yako ilikuwa imefika siku hiyo hiyo, ile ya Adams Arcade, ya mbavu kuuma kwa kicheko. Nikasema dada yangu amepata maisha, nimvutie nini huku kwa mtu mwenye hasira za karibu. Nilijiambia nitakuandikia wiki ijayo. Wiki ijayo siku zilikuwa zimekwisha, nikakwambia zimekwisha, na neno hilo tu lilikuwa kweli.

Alikuja mara mbili kuniuliza. "Amejibu?" Nikamwambia hajajibu. Mara ya tatu hakuuliza, aliinamisha kichwa tu. Mzee Kibwana yeye hakuwa na shaka. Alidhani nimekufikishia ujumbe na wewe umekataa kurudi, na mambo ya mke na mume hakutaka kuyaingilia. Twahir hakuoa mwanamke mwingine. Hakutaka kukulazimisha. Alingoja.

Sasa unajua kwa nini sikuweza kukuoza kwa Mbarak. Ningemwozesha mke wa mtu. Lakini kukwambia pia sikuweza, maana kila mwezi uliopita uliifanya barua kuwa nzito zaidi.

Wewe ni mjane wake. Eda yako ni miezi minne na siku kumi tangu siku aliyofariki, itakwisha katikati ya Mei. Nimewauliza mashehe. Unaweza kutoka mchana kwenda kazini kwa kuwa huna wa kukulisha, urudi chumbani kabla ya jua kuchwa. Usijipambe, usitie manukato wala hina. Ufunguo wa nyumba yake anao Mzee Kibwana, anakuwekea.

Sikuombi unisamehe. Mama hajasema nami tangu siku ile ya mazishi.

Shamsudin


Tanga, 11 Aprili 1971

Kwa Zena,

Salamu. Miezi miwili imepita.

Mama ameanza kusema nami, kwa neno moja. Kila nikirudi kutoka posta huniuliza, "Amejibu?" Namwambia hajajibu. Safari hii ni kweli.

Kaka yako


Nairobi, 19 Mei 1971

Kaka,

Assalaam alaikum. Msomee Mama barua hii yote. Mahali pa kunyamaza hamna.

Eda yangu ilikwisha Jumatatu. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimekaa eda ya mume wangu na sikutaka kugombana na mtu ndani yake.

Barua yako ilinifikia shuleni. Niliisoma bustanini, chini ya ukuta, nimesimama, kwa sababu ulisema nikae na sikutaka kukutii. Kengele ikalia nikaingia, nikakaa kwenye kiti changu, somo la tatu. Wa kwanza alikuwa sista mmoja wa Kiholanzi, mtu mzima, amefika wiki hiyo. Hujambo mama? Sijambo. Watoto hawajambo? Nikasema hawajambo, sijui kwa nini. Bwana hajambo? Nikageukia dirishani. Bwana Mwanzia akafikiri nimesahau. Akaniambia polepole, "Jibu, Bi Zena. Hajambo."

Nikasema, "Bwana amefariki."

Sista akatazama kitabu chake. Jibu hilo halimo katika somo la tatu. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi. Bwana Mwanzia alinitazama usoni, akaona, akafunga kitabu chake. Akawaambia wanafunzi wasimame, akawafundisha neno moja, akalirudia nao mara mbili tatu, kisha wakaja mmoja mmoja kama kawaida yetu, wakanishika mkono na kusema, "Pole." Walikuwa kumi na mmoja. Wengine walitabasamu, maana hawakuwa wamejua bado neno hilo ni la nini. Walifurahi tu kuwa wamelitamka sawasawa. Hayo ndiyo matanga yangu, Kaka. Sikuwa na mengine.

Siku zilizofuata Bwana Mwanzia alitaka kuliondoa swali lile. Nilimkatalia. Wakaniuliza kila siku, nami kila siku nikajibu kuwa amefariki. Miaka miwili nilikuwa nawajibu uongo nikidhani sina mume. Kumbe wakati ule wote nilikuwa naye, na siku niliyojua kuwa ninaye ndiyo siku niliyomkosa.

Nilivaa nguo nyeupe zisizo na ua. Saa kumi na moja jioni nilikuwa ndani. Wangeci alikuja kugonga, akasema, "Mama Tanga, mbona unajifungia kwa nyumba kama kuku iko na mayai?" Nikamwambia nimefiwa na mume. Akaniuliza, "Uko na mume? Na hujawahi niambia?" Nikamwambia na mimi sikuambiwa. Hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa ananiletea maji kutoka bombani na kuyaweka mlangoni bila kugonga, mpaka siku ya mwisho. Mwambie Mama amweke katika dua zake, jina lake ni Wangeci, asijali dini yake.

Sasa nikwambie yangu. Sikucheka. Tangu nilipoteremka kwenye basi la Mombasa mwaka wa sitini na tisa sijacheka hapa hata siku moja. Adams Arcade tulikwenda, mkate tulinunua, na Syokimau ni mcheshi kweli, lakini mbavu zangu hazikuuma. Niliandika vile ili Mama asilie, na ili kama kuna mtu atakayeulizia habari zangu huko Ngamiani, asikie kuwa sihitaji mtu. Nilitaka zimfikie yeye. Zikakufikia wewe, ukaziamini. Wewe ulificha na mimi nilidanganya, na Twahir, ambaye hakujua kufanya lolote kati ya hayo, akakaa katikati akingoja.

Nimekukasirikia mpaka nimechoka, na bado sijamaliza. Sitakuambia nimekusamehe kwa barua. Wewe mwenyewe ulisema yako mambo hayasemeki kwa barua.

Shuleni nimeaga. Chumba nimemrudishia Mzee Mungai. Nitapanda basi Ijumaa ijayo, nitafika Tanga Jumamosi tarehe ishirini na tisa, kabla ya alasiri inshallah. Mama asije kituoni na goti lile, aningojee nyumbani kwangu. Nyumba ya Twahir, barabara ya kumi na mbili, namaanisha. Ufunguliwe mlango na madirisha yote mapema.

Kituoni njoo wewe, na umshike Mzee Kibwana mkono, kama Twahir alivyomshika siku ile. Katika barua yako umeniandikia maneno yake kwa mistari miwili. Mimi nayataka yote: alisimama wapi, alivaa nini, alianza na neno gani, alikohoa wapi. Msisaidiane. Aseme mmoja, kisha aseme wa pili. Nimerejewa mbele ya mashahidi wawili, na bado neno lile sijalisikia kwa sauti ya hata mmoja.

Zena, mke wa Twahir